Nani kakwambia ilitoka 2003?

Wiki tatu sasa sijaandika kitu hapa na wapo walioanza kuniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na namba moja tu, mwaka wa kaseti, na mahangaiko yenyewe yalinitoa Musoma yakanipeleka Bunda, yakanipeleka Butiama, na mwisho yakanipandisha basi la alfajiri la Dar es Salaam kwa nauli ya mfukoni mwangu. Nikimaliza kusimulia utaniambia kama nina akili timamu.

Kwanza niungame. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ambayo mimi na wewe tunaweza kuihariri, kuhusu albamu ya msanii mmoja wa Bunda. Simtaji jina wala sitaji jina la kaseti yake, na ukifika mbele utajua kwa nini. Ilikuwa kaseti ya nyimbo nane, nne upande A na nne upande B. Aliirekodi Mwanza, ikapigwa sana kwenye haisi za Musoma na Bunda, kisha ikapotea kama zilivyopotea kaseti nyingine nyingi za kwetu. Nikaona si haki mtu kama huyo asiwe na hata mistari mitano mtandaoni wakati albamu za watu wa ng'ambo zimeandikiwa hadi jina la aliyepiga zumari. Nikaandika. Nilipofika pa kujaza mwaka wa kutolewa, nikakwama.

Nikavuta kumbukumbu. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa ndani ya haisi, nimepakatwa na mama ili asinilipie nauli, na nilikuwa darasa la nne. Darasa la nne ni 2003. Nikaandika 2003, bila tanbihi, bila rejea, bila chochote. Nikahifadhi, nikaenda kula.

(Mwaka huohuo wa 2003 ndio Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza. Huo hauna ubishi. Bahati mbaya ndio mwaka pekee usio na ubishi katika mkasa huu.)

Sasa sikiliza kilichofuata. Muda si mrefu mwandishi mwenzangu mmoja wa gazeti ambalo nalo silitaji alipewa kazi ya kuandika kuhusu wasanii wa Kanda ya Ziwa waliosahaulika. Akafungua Wikipedia, akaiona 2003 yangu, akaichukua. Hakusema ameitoa wapi, na mimi niliye ndani ya kazi hii siwezi kumshangaa, maana ndivyo tulivyozoea. Makala ikachapishwa, na nakala ikawekwa mtandaoni. Kisha mhariri mwingine wa Wikipedia, mtu mwema kabisa anayejaribu kusafisha makala zisizo na rejea, akaipita ile yangu, akaingia Google, akalikuta gazeti. Akaliweka kama tanbihi namba moja.

Umeuona huo mduara? Kumbukumbu ya mtoto aliyepakatwa ndani ya haisi imeingia gazetini ikatoka imevaa suti na tai. Ukiifungua makala leo unaona maandishi, unaona namba ndogo ya bluu, unabonyeza, unafika gazetini. Nani atashuku?

Nisingejua lolote kama kaka mwenyewe asingenipigia simu. Ni mtu mzima sasa, ana duka la vipuri vya pikipiki, na muziki alishauacha. Akanieleza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Mwishoni mwa 2002 kulikuwa na wimbo wa msanii wa Dar uliovuma nchi nzima, na kiitikio chake kinafanana mno na kiitikio cha wimbo mmoja wa kaseti yake. Bunda wenye umri wake wote wanajua nani alianza. Lakini kijiweni kukatokea ubishi, na kijana mmoja akatoa simu, akafungua Wikipedia, akasoma kwa sauti: wewe 2003, mwenzako 2002, kwa hiyo wewe ndiye uliyekopi. Mtoto wake wa kiume alikuwa amesimama hapo.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "hiyo umeandika wewe?"

Ndiyo, kaka. Mimi.

Basi nikaanza kufikiri upya jambo ambalo nilidhani nalijua, maana kazi yangu ni uandishi. Chanzo cha kuaminika ni kipi? Kwenye Wikipedia ya Kiingereza wahariri wa makala za albamu wana orodha yao ndefu. Rolling Stone ruksa. Pitchfork ruksa. AllMusic ruksa kwa uhakiki uliosainiwa na mwandishi wake, ila kile kisanduku cha pembeni kinachotaja aina ya muziki wanakushauri ukiache. Discogs hapana, kwa sababu inajazwa na watu wowote kama inavyojazwa Wikipedia yenyewe. Blogu hapana, isipokuwa mwandishi wake ni mtaalamu anayetambulika. Maneno ya msanii kuhusu nafsi yake yanakubalika kwa mambo madogo, si kwa sifa. Ni kanuni nzuri, sizibezi, na wengi wetu tunaohariri ya Kiswahili tunazikopa zilivyo.

Ila zimeandikwa na watu ambao albamu zao zilikuwa na lebo, namba ya katalogi, siku ya kutoka na mhakiki aliyelipwa mshahara kuzisikiliza. Sisi albamu ya namna hiyo tunazo za kuhesabu. Chukua Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila. Imetolewa na Real World mwaka 1989, imerekodiwa kwenye studio zao kule Uingereza, wapigaji wametajwa, kila kitu kipo kwenye jalada. Makala yake unaiandika ukiwa umelala. Sasa mchukue Remmy huyohuyo kwenye nyimbo alizorekodi Dar kwa ajili ya redio, ambazo hazikukusudiwa kuwa albamu. Mtu mmoja, sauti moja, lakini upande mmoja una karatasi na upande mwingine una wazee wanaokumbuka.

Au mtazame Mbaraka Mwinshehe. Alifariki Januari 1979. Mfululizo wa Ukumbusho, kama jina linavyosema, ni wa baada ya kifo chake, umekusanya nyimbo zilizokwisha kuvuma alipokuwa hai. Ukichukua mwaka wa santuri ukauweka kuwa mwaka wa wimbo umemfanya marehemu aingie studio. Na usidhani mitandao ya kusikilizia muziki itakuokoa. Nyimbo za zamani mara nyingi zinaonyeshwa mwaka zilipopandishwa humo, si mwaka zilipotoka. Nimeona watu wanazitumia hizo kama rejea, tena kwa kujiamini.

Hata jina la albamu linaweza kukupiga chenga. Ng'ambo ya ziwa kuna Saida Karoli wa Bukoba. Kaseti yake ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengine wanaiita Maria Salome, wengine Chambua Kama Karanga, kwa sababu watu waliuita wimbo kwa maneno waliyoyashika na jina likahamia kwenye kaseti nzima. Kisha mwaka 2016 Diamond akatoa Salome akiwa na Rayvanny, na ghafla kila tovuti ikamkumbuka Saida. Habari nyingi utakazozikuta mtandaoni kuhusu kaseti ile zimeandikwa baada ya 2016, miaka kumi na tano hivi baada ya kaseti, na waandishi waliokuwa wanakimbizana na habari ya Diamond. Zinafaa kukuambia Diamond alifanya nini. Kukuambia kaseti ya Saida ilitoka lini, hizo ni kumbukumbu za haisi tu, kama yangu.

Nilianza na kava. Nilikwenda Mtaa wa Mukendo hapa Musoma kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa na duka la kaseti, siku hizi anauza chaja na kava za simu. Akapekua makasha yake hadi akaipata. Nikafurahi mno. Nikaigeuza: nyimbo kumi! Mbili si zake kabisa, na jalada ni fotokopi nyeusi-nyeupe. Ilikuwa ya kudurufu. Kama ningeichukua kama ilivyo ningeandika orodha ya nyimbo ya mwizi.

Bunda ndiko nikakuta halisi, kwa kaka mwenyewe, ganda limepasuka, karatasi ya jalada imefifia. Jina la studio lipo. Jina la prodyuza lipo. Mpangilio wa nyimbo, majina ya walioitikia, shukrani kwa mama na kwa dereva mmoja wa haisi, vyote vipo. Mwaka haupo. Wenzangu mliokua na kaseti mnajua hili, mara nyingi mwaka hawakuuandika kabisa.

Lakini kulikuwa na namba ya simu ya kuwasiliana na msanii, inaanza na 0744. Hapo nikakaa chini. Vodacom ilianza kazi Tanzania Agosti 2000, na 0744 ilikuwa yao kabla ya kugeuzwa kuwa 0754 katikati ya miaka ya 2000. Maana yake karatasi hii haikuchapwa kabla ya Agosti 2000, na haikuchapwa baada ya namba kubadilishwa. Nilijiona mpelelezi. Kisha nikagundua kwamba 2002 imo humo, na 2003 imo humo vilevile. Na hata kama ingenipa jibu, Wikipedia isingelikubali, kwa sababu hiyo ni hesabu yangu mwenyewe, ni utafiti wangu, na kamusi elezo haichukui utafiti ambao haujachapishwa popote. Kanuni hii zamani niliiona ya kibabe. Siku hizi naielewa: ukiniruhusu mimi na 0744 yangu, utamruhusu na mwingine na ndoto aliyoota.

Basi tuseme kava inafaa kwa nini? Kwa majina ya nyimbo, kwa mpangilio, kwa nani kafanya nini studio, maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya hapo na karatasi ilichapwa palepale. Haifai kwa sifa. Kava hii imeandika mbele kwamba msanii ni "mfalme wa Kanda ya Ziwa", na kaka mwenyewe alicheka alipoisoma.

Nikamuuliza na kuhusu mauzo, maana kwenye lile gazeti la mwenzangu iliandikwa kaseti iliuza "maelfu kwa maelfu". Akasema msambazaji alimpa fedha mara moja, kwa mkupuo, akasaini, basi. Ziliuzwa ngapi hajui hadi leo. Hii si hadithi yake peke yake. Sheria ya hakimiliki ya 1999 iliyoleta COSOTA ilikuwepo, lakini hesabu ya kaseti ilikuwa mikononi mwa aliyezirudufu, na aliyezirudufu ndiye aliyekuwa na sababu ya kuificha. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuandikia kwamba kaseti fulani ya Bongo Flava iliuza nakala laki tatu au laki tano, hata kama ni gazeti kubwa, hata kama ni msanii mwenyewe kwa mdomo wake, muulize: nani alihesabu? Mimi nafasi hiyo naiacha wazi. Makala yenye nafasi wazi haijamdhulumu mtu.

Na hapa niwaseme kidogo wenzangu wa magazeti, mimi nikiwa wa kwanza. Kanuni inasema chanzo kiwe huru, kisichofungamana na msanii. Wengi wanadhani kikichapishwa tu kimeshakuwa huru. Jamani! Tunajua habari za wasanii zinavyoingia kurasani. Promota analeta karatasi yenye maneno tayari, ndani ya bahasha kuna na kitu kingine, na kesho yake karatasi ile inatoka na jina la mwandishi juu yake. Nimewahi kupokea karatasi kama hiyo. Bahasha niliirudisha, ila maneno niliyatumia karibu yote, sasa niambie tofauti iko wapi. Gazeti la namna hiyo ni ushahidi kwamba albamu ilikuwepo tarehe ile. Si ushahidi kwamba ilikuwa nzuri, na "ilitikisa nchi" ni maneno ya promota hata yakichapwa kwa wino wa gazeti la serikali.

Kwa upande mwingine kuna kurasa ambazo kanuni inazikataa na mimi nazionea huruma. Africanhiphop.com ilianza mwaka 1997 kwa jina la Rumba-Kali, ikiandika kuhusu rapu ya Kiafrika ikiwemo ya kwetu, wakati magazeti mengi hayakuona hapo habari. Blogu ya Michuzi ilianza Septemba 2005, na humo kuna picha za matamasha zenye tarehe ya siku ileile. Kina Ndesanjo Macha waliotufundisha kublogu kwa Kiswahili ndio haohao waliotuhimiza kuijenga Wikipedia ya Kiswahili. Ukisema "blogu hapana" bila kufikiri, unatupa shahidi aliyekuwepo na kumchukua aliyesimuliwa miaka kumi baadaye. Mimi nasema tusiulize chanzo kimevaa nini. Tuulize kilikuwa wapi siku ya tukio, na kwa jambo hili moja tunalolitaka, kilikuwa na njia gani ya kujua. Blogu iliyoandika "jana usiku ukumbini" ina njia. Gazeti lililoandika "mwaka 2003" baada ya miaka mingi halina, hadi lituonyeshe.

Kaka akaniambia kuna kipande cha gazeti. Shangazi yake wa Butiama alikikata na kukitunza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo wao kutoka gazetini na hakuwa amekufa wala kushtakiwa.

Nikapanda gari hadi Makutano, nikapinda kwenda Butiama. Shangazi akanipokea, shikamoo, marahaba mwanangu, chai, mihogo. Kabla hajaingia ndani kutafuta akaja jirani yake, mzee mchangamfu, na aliposikia nafuatilia mambo ya kanda za zamani akaanza za Mwalimu. Butiama huwezi kukwepa. Akanisimulia hotuba ya Mei Mosi 1995 Mbeya, neno kwa neno, kwa sauti ileile na kikohozi kilekile. Lakini nusu ya aliyoyasema yalikuwa ya Machi mwaka ule, Mwalimu alipoongea na waandishi Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam. Nilijaribu kumwambia taratibu. Akaniangalia kama mtu anayemfundisha samaki kuogelea. "Kijana, mimi ni wa hapa." Na ni kweli ni wa hapa, amemwona Mwalimu kwa macho kuliko mimi nitakavyowahi kumwona kwenye picha. Ila hotuba zote mbili amezisikia kwenye kanda zilezile tunazozisikia wote, zilizokatwa na kuunganishwa, na ukaribu na kaburi haukumsaidia kuzitenganisha.

Shangazi akatoka na Biblia. Ndani yake kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne, kimeshikwa na selotepu ya njano. Picha ya kaka akiwa kijana, amevaa kofia kinyume. Aya tatu. Kaseti imeingia sokoni, inapatikana Mwanza, Musoma na Bunda, nyimbo nane, majina yake haya. Nikatafuta tarehe. Shangazi alikuwa amekata vizuri mno, mkasi umepita pembeni ya habari kama fundi cherehani. Hakuna tarehe, hakuna jina la gazeti.

"Mwaka gani, shangazi?"

"Baada ya msiba wa Mwalimu. Kama mwaka mmoja hivi."

Hiyo inatupeleka 2000 au 2001. Kaka alisema 2002. Mimi niliandika 2003. Watu watatu tunaompenda mtu mmoja, miaka mitatu.

Nikakigeuza kipande. Nyuma kulikuwa na nusu ya habari nyingine, imekatwa katikati ya sentensi: majeruhi, mabehewa, Hospitali ya Mkoa wa Dodoma, maombolezo. Nikajua mara moja. Ile ajali ya treni ya Igandu, Juni 24, 2002, iliyoua zaidi ya watu 280. Gazeti lilikuwa la siku chache baada ya hapo. Nilimwomba shangazi maji ya kunywa.

Sasa hapo pia ningeweza kusimama na kusherehekea, lakini kipande kisicho na jina wala tarehe hakiwezi kuwa rejea. Ndiyo maana nikapanda basi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa magazeti ya zamani kwenye kitengo cha East Africana. Nikaomba mafaili ya wiki ya mwisho ya Juni na wiki ya kwanza ya Julai 2002. Siku ya kwanza nilipitia mawili nikatoka mikono mitupu na vumbi puani. Nikiri kwamba nusu ya muda nilikuwa nasoma habari za ajali ile, ukurasa baada ya ukurasa, nikasahau nilichofuata. Siku ya pili, gazeti la tatu, nikakutana na kofia iliyovaliwa kinyume. Jina la gazeti, tarehe, ukurasa. Kaseti imeingia sokoni "mwezi huu". Miezi kabla ya wimbo wa Dar.

Hii haithibitishi kwamba mtu wa Dar alimkopi kaka. Viitikio vinafanana kwa njia nyingi, na mimi sikuandika popote kwamba aliibiwa, wala sitaandika, ndiyo sababu majina nimeyaficha. Inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba kaseti ya Bunda ilikuwa madukani Juni 2002.

Nikarudi kwenye makala, nikabadilisha mwaka, nikaweka rejea kamili. Siku mbili baadaye ikarudishwa 2003. Maelezo ya aliyeirudisha: chanzo kipya hakionekani mtandaoni, cha zamani kinaonekana.

Nilikasirika, nitasema uongo nikikana. Lakini fikiria: yeye yuko mbele ya tarakilishi, ana kiungo kinachofunguka upande mmoja, na upande wa pili ana mtu asiyemjua anayedai kuna gazeti kwenye rafu. Angeniamini kwa lipi? Kanuni iko wazi kwamba chanzo si lazima kiwe mtandaoni, kinatakiwa kiwe kimechapishwa na mtu aweze kukifikia, hata kwa kupanda basi. Ila desturi yetu imeshapinda: kinachobonyezeka ndicho kweli. Na kwa nchi ambayo magazeti yake ya kabla ya 2005 yako zaidi kwenye rafu kuliko kwenye mtandao, desturi hiyo inafuta kila kitu kilichotutangulia.

Nikaenda ukurasa wa majadiliano. Nikaandika yote: kwamba 2003 ilikuwa yangu, kwamba gazeti lililowekwa kama rejea liliitoa kwangu, kwamba mwenyewe wa kaseti namfahamu na nimekula mihogo kwa shangazi yake, kwa hiyo mimi si mtu wa kati na kati na ningeomba mwingine aamue. Nikataja gazeti, tarehe, ukurasa. Mkabidhi mmoja akauliza maswali mawili ya maana, nikajibu, na baada ya siku nne akaweka 2002 na kuiondoa ile tanbihi ya zamani.

Mwenzangu wa gazeti nilimpigia nikamwomba wasahihishe. Akacheka. "Nani anasoma makala ya miaka yote hiyo?" Bado iko vilevile. Juzi nimeiuliza moja ya hizi roboti za akili mnemba kwenye simu kaseti ile ilitoka lini, ikanijibu 2003 bila kusita.

Na kaka kanipigia tena jana. Kijana wa kijiweni ameona mwaka umebadilika, akafungua ukurasa wa historia ya makala, akakuta jina langu juu na jina langu chini. "Huyu ni mtu wako," amemwambia, "amekubadilishia." Nimemtumia fotokopi ya ukurasa mzima wa gazeti, na ajali ya treni pembeni yake, kwa basi la mchana. Anasema ataipeleka kijiweni Jumamosi, na mtoto wake atakuwepo.